Haidrenja za Bibi na Ndoo ya Chokaa

Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu, kwenye orodha ya mahudhurio. Nyumbani na mtaani wote walimwita Chapuchapu, kwa sababu kila alilotumwa alilifanya mbio mbio, akalimaliza kabla aliyemtuma hajakaa vizuri kwenye kiti. Vyombo aliviosha juu juu. Kitanda alikitandika kwa kuvuta shuka upande mmoja. Uwanja aliufagia katikati, pembeni akawaachia kuku wamalizie. Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi na aliondoka nyumbani mapema kila siku, alikuwa akimwambia, "Mwanangu, kazi si nyoka. Huna haja ya kuikimbia."

Kazi moja tu hakuthubutu kuilipua, nayo ilikuwa kumwagilia haidrenja za Bibi. Hapo Bibi aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kikombe cha chai mkononi, akamsimamia kama mkaguzi.

"Shinani, mjukuu wangu, shinani! Maua hayanywi kwa kichwa. Polepole, acha ardhi imeze."

"Bibi, nitachelewa shule."

"Basi kesho uamke mapema. Hayo yana kiu ya mwaka mzima."

Vilikuwa vichaka vitatu, vimepandwa kando ya ukuta, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Majani yake yalikuwa mapana kama kiganja cha mtu mzima. Maua madogo madogo yalisongamana pamoja hadi yakawa tufe moja kubwa, na matufe hayo yalikuwa ya buluu, buluu ya kweli, kiasi kwamba wapita njia walisimama kuyatazama juu ya ukuta. Bibi aliyaanzisha kwa kijiti kimoja tu alichopewa na dada yake, zamani, kabla mama yake Chapuchapu hajazaliwa. Jua likiwa kali yalinyong'onyea, na mgeni angedhani yamekufa. Bibi alicheka tu. "Yanadeka hayo," alisema. "Njoo jioni uyaone."

Mtu mwingine aliyekuwa akifika uwanjani pale mara kwa mara ni Dobi. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha, aliyekuja kuwafulia nguo kwa kuwa mikono ya Bibi ilikuwa ikiuma na Mama hakuwa na nafasi. Kamba ya kuanikia nguo ilipita karibu na maua. Dobi hakujua kufua kimya kimya. "Jamani, nguo za nyumba hii!" angesema, akiinua sketi ya shule ya Chapuchapu. "Udongo uliomo humu unatosha kupanda mahindi." Binti yake, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, alikaa dawati moja na Chapuchapu, na wakati wa likizo alimfuata mama yake ili wacheze pamoja.

Likizo hiyo walikuwa wanatarajia wageni. Bibi akataka mawe yaliyopangwa kando ya njia, kutoka geti hadi mlangoni, yapakwe chokaa yang'ae. Alikoroga chokaa mwenyewe kwenye ndoo, akampa Chapuchapu brashi.

"Ikibaki, usiimwage uwanjani. Ipeleke kwenye shimo la taka kule nyuma ya banda la kuku. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

Kwa kweli mawe aliyapaka vizuri. Lakini alipomaliza, ndoo ilikuwa imebaki na chokaa karibu nusu, nzito kama uji, na nje barabarani wenzake walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Aliinyanyua ndoo, akapiga hatua chache, akaituliza chini. Banda la kuku lilionekana kuwa mbali kuliko siku zote. Akatazama huku, akatazama kule. Akazunguka nyuma ya kichaka cha mwisho cha haidrenja, katikati ya mmea na ukuta, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, akasogeza nyasi kavu ambazo Bibi huzitandaza shinani ili udongo usikauke, akamwaga chokaa yote. Halafu akazirudisha nyasi juu yake na kuzipapasa. Ndoo akaisuuza, akakimbilia kamba.

Jioni Bibi akamuuliza, "Ile chokaa umeimwaga shimoni?"

"Ndiyo, Bibi."

Jibu lilimtoka kirahisi tu. Wala hakuliona kuwa ni jambo.

Wageni walikuja wakasifu mawe, wakaenda zao. Likizo ikaisha. Baada ya majuma kadhaa, Bibi akaona kwamba majani ya kichaka cha mwisho yanapauka. Yaligeuka manjano, huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kisha maua mapya yakafunguka, na hayakuwa ya buluu. Yalikuwa na rangi ya waridi iliyochujuka, kama kitambaa kilichofuliwa kupita kiasi. Bibi akavaa miwani yake, akainama kwa taabu, akafunua nyasi. Chini yake alikuta ukoko mweupe umeganda kwenye udongo.

"Sabuni," alisema. "Hii ni sabuni tu!"

Siku hiyo Dobi alikuwa yuko pale pale, anakamua shuka. Zamani, alipoanza kazi, aliwahi kumwaga maji ya povu karibu na maua, na Bibi akamkanya. Sasa Bibi alimwita kwa sauti ambayo Chapuchapu hakuwahi kuisikia.

"Si nilikukataza? Tazama ulichokifanya!"

Dobi alikuja akitazama, mikono ikichuruzika maji. "Mama, tangu uliponiambia sijarudia. Maji yangu yote nayamwaga mferejini. Naapa."

"Na huu weupe umeota wenyewe?"

"Sijui, Mama. Lakini si mimi."

Bibi akageuka. Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa madaftari begani. Alikuwa amesikia yote.

"Wewe ndiye unayeshinda hapa," Bibi akasema. "Umewahi kumwona akimwaga maji hapa?"

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yako tayari kabisa kinywani. Lakini aliiona hasira ya Bibi, akamwona Dobi amesimama mbele ya hasira hiyo, akaona kwamba mahali pale pameshajaa mtu, na yeye hana haja ya kuingia.

"Labda, Bibi," alisema. "Sikuangalia vizuri."

Dobi alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa kibao na mtoto aliyembeba. Kisha akamalizia kuanika shuka lililobaki, akalinyoosha pembe zote kama kawaida yake, akafuta mikono na kuondoka. Bibi alikuwa amemwambia asirudi tena.

Kuanzia siku hiyo Chapuchapu hakuwa na raha. Nguo sasa zilifuliwa na Mama siku za mapumziko, naye Chapuchapu akimsaidia, na kila aliposugua kola aliisikia sauti ya Dobi ikimtania. Akaanza kufagia hadi pembeni. Akaosha vyombo mpaka migongoni. Alimwagilia haidrenja bila kuambiwa, na alipofika kwenye kile kichaka cha mwisho alikimwagilia huku ameangalia pembeni.

"Mjukuu wangu umekuwa mtu mzima," Bibi alimsifu mbele ya Mama. "Sasa naona nina msaidizi."

Chapuchapu alitamani Bibi angemchapa kuliko kumwambia hivyo.

Shuleni ilikuwa vibaya zaidi. Twiga aliendelea kukaa karibu naye na kumwazima kifutio kama zamani.

"Mama anazunguka kutafuta nyumba nyingine ya kufulia," Twiga alimwambia wakati wa mapumziko. "Mama Duka alikuwa ampe kazi, halafu akasikia aliyoyasema Bibi yako. Akamwambia eti hataki mtu wa kuua maua ya watu."

"Amekasirika?"

"Nani, mama? Heri angekasirika. Amekuwa hazungumzi. Mama yangu, kukaa kimya! Si unamjua." Twiga akachora mstari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu. "Wewe ulikuwepo. Hivi kweli alimwaga?"

"Sijui," Chapuchapu akasema.

Kengele ikalia, akashukuru. Papo hapo akajichukia kwa kushukuru.

Alikuwa amebakiwa na kisingizio kimoja. Alijiambia kwamba pengine ni sabuni kweli. Pengine Dobi alimwaga siku nyingine, na chokaa yake yeye haikudhuru kitu. Nani ajuaye? Kisingizio hicho alikikumbatia mpaka siku ya somo la sayansi, mwalimu alipoingia darasani na kusema kwamba leo watajifunza kuhusu udongo.

"Kuna udongo wenye asidi nyingi," mwalimu alieleza. "Mkulima akitaka kuipunguza, anatia chokaa. Lakini si kila mmea unaipenda chokaa. Iko mingine ukiitilia nyingi, majani yanageuka manjano na mishipa inabaki ya kijani. Na yapo maua yanayoitwa haidrenja, yale ya matufe. Kwenye udongo wenye asidi huchanua buluu. Tia chokaa, yatakuja kuchanua waridi."

Twiga akampiga mwenzake kiwiko. "Kama ya Bibi yako!" akanong'ona, macho yamemtoka kwa furaha ya kujua jambo. Kisha akakunja uso. "Lakini ni nani angeenda kumwaga chokaa pale?"

Aliuliza tu. Hakuwa na shaka yoyote juu ya rafiki yake. Chapuchapu akanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka, akaenda nyuma ya darasa, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Hakulia kwa kuogopa kugunduliwa. Alilia kwa sababu mtu ambaye yeye amemdhulumu alikuwa bado anamwamini.

Aliporudi nyumbani alimkuta Bibi anashona kifungo, uzi umemshinda kuingia kwenye tundu la sindano.

"Afadhali umekuja, wewe mwenye macho. Hebu nitungie."

Chapuchapu hakupokea sindano. "Bibi, si sabuni."

"Nini si sabuni?"

"Kule kwenye maua. Ni chokaa. Ile iliyobaki. Sikwenda shimoni, nilimwaga pale, nikafunika na nyasi." Akavuta pumzi. "Dobi hakufanya kitu. Sikumwona akimwaga hata siku moja."

Bibi aliweka sindano kwenye mto wa kiti. Akaikunja nguo aliyokuwa akiishona.

"Nilikuuliza jioni ile ile," Bibi alisema mwishowe.

"Ndiyo, Bibi."

"Na nikakuuliza tena, yule mama amesimama hapa, mikono imelowa."

"Ndiyo, Bibi."

"Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Chapuchapu hakuweza kuvumilia kusimama bure. Alikimbia stoo, akatoka na jembe. "Nitaichimba yote sasa hivi, Bibi! Nitatoa udongo wote, nitaweka mwingine, nita—"

"Weka jembe chini."

"Lakini maua yanakufa!"

"Yatangoja. Yana mizizi, hayaendi popote. Jina la Dobi ndilo linalotembea huko mitaani, linaingia nyumba baada ya nyumba, na sisi ndio tuliolituma." Bibi aliinuka, akatafuta viatu vyake vya kutokea. "Na usidhani ninakupeleka wewe peke yako. Mimi nina langu. Nilikuwa na hasira, nikatafuta wa kumkasirikia, na aliyekuwa karibu ni mtu asiyeweza kunijibu. Twende."

Dobi aliishi chumba kimoja, mwisho wa uchochoro. Alikuwa mlangoni anapiga pasi shati la mtu, na Twiga ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akimenya viazi.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," Dobi akajibu. Hakutabasamu, lakini aliondoa nguo kwenye kiti na kumpa Bibi akae.

Bibi hakukaa. Akamtazama mjukuu wake tu. Chapuchapu alikuwa amejipangia maneno njiani kote, na sasa hata moja halikubaki.

"Shikamoo, Mama Twiga. Aliyemwaga ni mimi," alisema. "Ilikuwa chokaa. Nilijua, nikasema labda. Nisamehe."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. "Nilikuuliza," Twiga akasema polepole. "Nilikuuliza, ukaniambia hujui."

Chapuchapu akainamisha kichwa.

"Na mimi nimekuja kwa ajili yangu," Bibi alisema. "Umri huu wote, nimemhukumu mtu bila kumsikiliza. Nisamehe, mwanangu. Na kazi yako ipo, kama bado unaitaka."

Dobi alisimamisha pasi wima ili isiunguze shati. "Kazi nitapata, Mama. Mikono ninayo. Lakini Mama Duka ananiita muua maua mbele ya wateja, na wale wanacheka, na mimi nanunua chumvi yangu natoka. Hilo ndilo linaloniuma."

"Basi tutakwenda kwa Mama Duka. Njoo nasi, usikie mwenyewe."

"Nendeni nyinyi," Dobi akasema. "Mimi nilishasema yangu siku ile. Hakuna aliyenisikia."

Wakaenda wawili. Dukani palikuwa na watu wamepanga foleni, na Mama Duka alikuwa anapima sukari. Chapuchapu alisema aliyokuja kusema, lakini sauti ilimtoka nyembamba.

"Paza sauti, mtoto, friji inaunguruma!" Mama Duka akapiga kelele. "Unataka nini? Kiberiti?"

Watu wakacheka. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke. Akamtazama Bibi, na Bibi hakumsaidia hata kwa ukope. Akapaza sauti.

"Dobi hakuua maua ya Bibi! Niliyaharibu mimi kwa chokaa, halafu nikamwachia yeye lawama. Nimekuja kusema ukweli."

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja kwenye foleni akafyonya. Mama Duka alibaki na kijiko cha sukari hewani, akatazama mizani, akawatazama wateja wake, wale wale waliokuwa wakicheka naye.

"Na mimi nilivyomsema yule mama," akasema kwa sauti ndogo. "Hata sikumwuliza."

Walipita pia nyumba ya fundi cherehani, na ya mwalimu mstaafu, na kila geti ambako Bibi alikumbuka kuwa ameongea. Kila mahali Chapuchapu alirudia maneno yale yale, na hakuna mahali ambapo yalikuwa mepesi. Waliporudi, jua lilikuwa linazama na miguu ya Bibi imevimba. Mama alikuwa amesharudi kutoka kazini. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akampa Chapuchapu amkande Bibi miguu.

Siku ya kufua ilipofika, Dobi aligonga geti. "Nimerudi," alimwambia Bibi, "ila nina neno. Siku nyingine mkiona kitu, niulizeni, kisha mwamini nitakachosema."

"Nimekubali," Bibi akasema.

Twiga alikuja naye. Tangu siku ile, darasani alikuwa ameweka mfuko wake katikati ya dawati, na kifutio hakumwazima tena. Sasa aliketi karibu na beseni la mama yake na kugeuza uso upande mwingine. Chapuchapu alikuwa amepiga magoti kwenye kichaka cha mwisho, anatoa ukoko wa chokaa kwa mikono na kijiko cha bustani, kwa sababu jembe lingekata mizizi. Bibi alikuwa juu yake, kwenye kigoda, akielekeza. Udongo mweupe wote utoke. Mahali pake patiwe udongo mweusi wenye majani yaliyooza. Na ili kutobahatisha, Bibi alikata vijiti kutoka kwenye vichaka vizima, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, akaondoa majani ya chini, akayapunguza nusu yale mapana ya juu yasinywe maji mengi, akavichomeka kwenye mkebe wa mchanga kivulini viote mizizi.

"Bibi," Chapuchapu akauliza huku akichimba, "buluu itarudi lini?"

"Si leo wala si kesho. Udongo ukipona ndipo ua litapona."

Chapuchapu akashusha sauti. "Na Twiga?"

Bibi aliwatazama wasichana wote wawili kabla ya kujibu, na alijibu kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwenye beseni.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ile chokaa uliimwaga kwa mara moja, na sasa unaitoa kwa kijiko. Uongo nao ni hivyo. Kuusema ni kufumba na kufumbua, kuutoa moyoni mwa mtu ni kazi ya siku nyingi. Umeomba msamaha, umefanya vizuri, lakini usimkimbize mtu akusamehe kwa sababu wewe umechoka kuona haya. Sema kweli leo, na kesho, na siku ambayo hakuna anayekuuliza. Yeye mwenyewe ataona."

Chapuchapu akaitikia kwa kichwa, akarudi kuchimba. Gunia la kutilia udongo mbaya lilikuwa linaanguka kila alipoligusa, na chokaa ikawa inamwagika tena chini. Akalisimamisha, likaanguka. Akalisimamisha tena.

Kivuli kikamfunika. Twiga alikuwa amesimama pale, mrefu, mikono kiunoni. Akachuchumaa, akaushika mdomo wa gunia kwa mikono miwili na kuuweka wazi, akangoja mwenzake atie udongo.